Fiziotherapia ya nyumbani kwa mgonjwa wa tiba shufaa: tathmini yangu baada ya miezi saba

Kwa muda wa miezi saba mama yangu mzazi, aliyekuwa na saratani ya titi iliyokwisha kusambaa hadi kwenye mifupa, alihudumiwa nyumbani kwetu Magomeni, Dar es Salaam, na kikundi kidogo cha tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponyeki, chenye muuguzi na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi na mwendo. Muuguzi alifika kila wiki na mtaalamu kila baada ya wiki mbili. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wale wenye mgonjwa ndani ambao wameambiwa, kama tulivyoambiwa sisi, kwamba mwili wake hauna tena la kufanyiwa isipokuwa kupumzishwa. Jina la kikundi sitalitaja, kwa kuwa nitaeleza na kasoro zake, na kwa kuwa msomaji wa Tanga au wa Mombasa atakutana na watu wengine kabisa. Nitakachoeleza ni kazi yenyewe ilivyofanyika, vifaa vilivyotufaa na vile tulivyotupia fedha bure.

Kabla ya huduma hii mama alikuwa amelala kitandani miezi minne. Alipoanza kulalamika maumivu ya nyonga na kiuno, daktari wa hospitali moja alituambia tumwache apumzike, nasi tukatii kwa moyo wote: tulimlisha akiwa amelala, tukamwosha akiwa amelala, na kila alipojaribu kuinuka tulimrudisha kwa upendo. Hakuna aliyetueleza kwamba misuli isiyotumika hupungua kwa kasi kubwa, na kwamba kwa mgonjwa wa saratani kasi hiyo huzidi kwa sababu ugonjwa wenyewe hula misuli, na vidonge vya deksamethasoni, ambavyo mama alikuwa akivitumia, navyo hudhoofisha hasa misuli ya mapaja, ile ile inayomwinua mtu kutoka kitini. Kufikia mwezi wa nne mapaja yake yalikuwa membamba kuliko mikono ya mjukuu wake mkubwa, akikalishwa alipata kizunguzungu, choo kilikuwa kigumu, na ngozi ya kifandugu ilianza kuwa nyekundu. Tuliyaita hayo yote ugonjwa, lakini sehemu yake kubwa ilikuwa matokeo ya kulala.

Jambo lililomwumiza mama kuliko maumivu yenyewe lilikuwa choo. Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi mrefu katikati, vyumba pande mbili, na uani nyuma, mahali palipo jiko na choo. Mimi ni mwalimu, natoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi alasiri, na mtu mzima mwenye nguvu aliyebaki nyumbani mchana alikuwa mume wangu, ambaye hufanyia kazi zake hapo hapo barazani. Msomaji anaelewa hapo pana nini. Mkwe hawezi kumbeba mama mkwe wake hadi chooni, na mama alikuwa radhi kukaa bila kunywa maji tangu asubuhi hadi nirudi kuliko kumwita. Msichana wa kazi alimsaidia kadiri alivyoweza, lakini alikuwa mdogo wa mwili na mara mbili nusura waanguke wote wawili kwenye kizingiti cha uani.

Ziara ya kwanza ya mtaalamu ilichukua muda wa saa moja na nusu, na kwa mshangao wangu hakukuwa na zoezi hata moja. Alimwamkia mama, akakaa, akaomba aletewe picha za eksirei na barua zote za hospitali. Alizitazama picha za nyonga kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba hatamsimamisha mama siku hiyo, kwa sababu fupa la paja la kulia lilikuwa na doa, na fupa lililoliwa na saratani linaweza kuvunjika kwa kugeuka vibaya tu, bila mtu kuanguka. Alitaka kwanza daktari wa mionzi athibitishe kwamba linaweza kubeba uzito. Mama alipelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mahali pekee nchini pa kupata mionzi kabla hospitali ya Bugando ya Mwanza haijaanza, akapigwa dozi moja tu kwenye nyonga. Kwa maumivu ya mifupa dozi moja ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi) ni matibabu yanayokubalika, na nafuu yake haiji siku hiyo hiyo. Siku chache za mwanzo maumivu yanaweza hata kuongezeka, na nafuu kamili huchukua wiki kadhaa. Tulisubiri. Ninaiweka subira hiyo mbele ya yote katika tathmini hii, kwa sababu baadaye nilikuja kuona mtaalamu asiye na subira hufanyaje.

Jambo la pili alilolifanya siku ile lilikuwa kumwuliza mama swali ambalo kwa mwaka mzima hakuna aliyemwuliza: “Bibi, ungependa uweze kufanya nini?” Mama alinyamaza, akanitazama mimi, kisha akasema: “Nataka niende chooni mwenyewe.” Baada ya kitambo akaongeza kwamba angependa pia akae uani jioni, maana chumbani hasikii watu. Mtaalamu aliyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, juu kabisa ya ukurasa, na kila ziara iliyofuata alianza kwa kuyasoma.

Kazi ya muuguzi na ya mtaalamu zilifungamana kwenye maumivu. Mama alikuwa akitumia mofini ya maji kila baada ya saa nne, na dozi maradufu wakati wa kulala ili asiamshwe usiku. Muuguzi alimfundisha kuonyesha maumivu kwa vidole: ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu, vidole vitano maana yake ni makali yasiyovumilika. Mtaalamu alikubaliana naye kwamba shughuli yoyote kubwa, yaani kuoga, kwenda uani au mazoezi, ifanyike nusu saa hivi baada ya kunywa dawa, kwa kuwa huo ndio muda ambao mofini ya kunywa huhitaji ili ifanye kazi. Kabla ya hapo tulikuwa tunamwosha saa moja asubuhi na kumpa dawa saa mbili, yaani tulikuwa tunamgeuza na kumwinua katika saa mbaya kuliko zote za siku yake. Kubadilisha ratiba hakukugharimu hata shilingi moja, na vidole vilishuka kutoka vinne hadi viwili wakati wa kuoga. Na kwa kuwa mofini hufunga choo, dawa ya kulainisha choo ilikwenda nayo kila siku. Kutembea nako kulisaidia.

Zoezi kuu, lililofanyika kila siku hadi mwezi wa tano, lilikuwa moja: kuinuka kutoka kitini. Nitalieleza kwa urefu kwa sababu nimeona watu wengi wakiwainua wagonjwa wao kwa kuwavuta mikono, na kwa mama, aliyefanyiwa upasuaji wa titi la kushoto na ambaye mkono wa upande huo ulikuwa umevimba kwa maji ya limfu, kuvutwa mkono kulikuwa madhara matupu. Mtaalamu alichukua kanga mbili, akazisokota pamoja, akaniomba mimi nizifunge kiunoni mwa mama juu ya nguo, fundo likiwa ubavuni. Hiyo ndiyo ikawa mshipi wa kushikia, na mshikaji hushika kanga, hamshiki mgonjwa. Kisha alimwelekeza mama kwa maneno machache yaliyokuwa yale yale kila mara: sogea ukingoni mwa kiti, rudisha miguu nyuma mpaka iwe chini ya magoti, inama mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, sasa sukuma kiti kwa mikono. Siku ya kwanza makalio ya mama yaliachana na kiti kwa upana wa kiganja tu, yakarudi. Mtaalamu akasema hiyo inatosha kwa leo. Aliweka mto mgumu juu ya kiti ili kimo kiongezeke, na kila wiki mbili alipunguza unene wa mto. Wiki ya tano mama alisimama bila mto na bila mtu kushika kanga, akiwa amekazia macho ukutani, na wajukuu waliokuwa mlangoni walipiga makofi hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Nakiri kwamba mwanzoni nilikuwa na wasiwasi juu ya mtaalamu, kijana wa kiume, kumshika mama. Alilimaliza jambo hilo mwenyewe: hakumgusa kabla ya kuomba ruhusa na kueleza atagusa wapi, na kila alipohitaji kushika kiuno au paja aliniita mimi nishike, yeye akielekeza. Hivyo nami nilijifunza. Huduma ambayo mtaalamu ndiye anayefanya kila kitu na jamaa wanatazama haina faida kwa mgonjwa anayetembelewa mara mbili kwa mwezi.

Sasa vifaa. Fremu ya kutembelea, ambayo madukani huiita woka, tulikuwa tumeinunua wenyewe kabla ya huduma kuanza, kwa shilingi 95,000, katika duka la vifaa vya hospitali. Ni ya alumini, nyepesi, yenye miguu minne inayorefushwa kwa vifungo vinavyoingia kwenye matundu. Muuzaji alitukabidhi ikiwa kwenye tundu la juu kabisa, hakutuuliza urefu wa mama wala hakutuonyesha namna ya kuirekebisha, na mama alipoijaribu mabega yalipanda hadi masikioni, akachoka, akaikataa. Ilikaa nyuma ya mlango miezi miwili ikiwa imetundikwa nguo. Mtaalamu alimsimamisha mama mikono ikining'inia, akaishusha fremu mpaka mshikio ukawa sawa na mkunjo wa kifundo cha mkono, ili akishika kiwiko kipinde kidogo. Kazi ya dakika mbili. Fremu ile ile iliyokuwa adhabu ikawa mwenzake. Kasoro iliyobaki ni mipira ya miguuni, ambayo kwa sakafu yetu ya saruji ilichakaa ndani ya miezi mitatu hadi alumini ikaanza kuteleza. Anayenunua aombe mipira ya akiba pale pale dukani, kwa sababu kuipata peke yake kulinizungusha Kariakoo siku mbili. Na mgonjwa asizoee kuivuta fremu ili ainuke nayo, kwa maana itamfuata na kumwangukia. Ainuke kwa kusukuma kiti, kisha ndipo aishike.

Choo ndicho kilichohitaji akili zaidi. Chetu ni cha kuchuchumaa, na mtu mwenye doa kwenye fupa la paja hachuchumai. Kikundi kilituazima kiti cha choo, kile chenye ndoo inayotolewa, na mawazo yangu yalikuwa kwamba kitakaa chumbani. Mama alikataa katakata; alisema yeye si mtoto wa kuwekewa poti pale anapolala na kuswali. Mtaalamu hakubishana naye. Alikwenda uani na futi ya fundi, akapima, akarudi na rai ambayo hatukuifikiria: ndoo itolewe, kiti kiwekwe juu ya tundu la choo, na mlango wa choo ubadilishwe ufunguke kwa nje ili fremu iingie. Fundi wa mtaani aliweka bomba la chuma ukutani upande wa kulia, kwenye kimo cha kiwiko cha mama akiwa ameketi, na kibao cha kuwekea kopo la maji ili asiiname. Kwenye kizingiti cha uani, chenye kimo cha sentimita 15, nilitaka tujenge mteremko wa saruji, lakini mtaalamu alinieleza kwamba mteremko salama huhitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, yaani wetu ungekuwa wa sentimita 180 na ungeziba mlango wa jiko. Badala yake fundi alijenga kidaraja kimoja kipana cha nusu ya kimo hicho, chenye nafasi ya kutosha miguu yote minne ya fremu. Fundi na vifaa pamoja havikuzidi shilingi 120,000. Kwa fedha zote nilizotumia wakati wa ugonjwa wa mama, hakuna zilizomrudishia heshima yake kama hizo. Wiki ya saba, siku ya Jumanne, nilirudi kazini nikamkuta mume wangu barazani akanong'ona kwamba mama amekwenda uani na kurudi mwenyewe, yeye amejifanya hakuona.

Kiti mwendo sikukihitaji kama nilivyodhani. Kilikuwa na upana wa sentimita 66, milango yetu ni ya sentimita 70, na mikono ya mama ilichubuka kwenye fremu za milango. Kilifaa siku za kwenda hospitali tu. Kitanda kiliinuliwa kwa vigogo vinne vya mbao ambavyo seremala alivichimba katikati ili miguu ya kitanda ikae ndani isiteleze. Tusingethubutu matofali, kwa kuwa hukimbia. Kwa sala mtaalamu alitupangia kiti imara chenye mikono kikielekea kibla, na mama akaswali ameketi bila kumsubiri mtu amgeuze.

Watu wengi wataniuliza: je, alipona nguvu? Swali hili linahitaji jibu la uangalifu. Muuguzi alimwandikia mama alama ya 3 katika kipimo cha ECOG, ambacho wahudumu wa saratani hukitumia nchi nyingi, kinachoanzia 0, mtu anayefanya kila kitu kama kabla ya kuugua, hadi 5, ambayo ni kifo. Alama ya 3 ni ya mtu anayeweza kujihudumia kwa sehemu tu na anayekaa kitandani au kitini zaidi ya nusu ya saa anazokuwa macho. Mama alianza na 3 na baada ya miezi minne ya kazi yote niliyoeleza bado alikuwa 3. Lakini 3 ya mtu aliyelala akiwa na kiu kwa kuogopa choo, na 3 ya mtu anayekwenda uani kwa fremu yake, akaketi jioni na majirani, kisha akarudi kulala kwa kuwa amechoka, si maisha mamoja hata kama karatasi inayasoma mamoja. Mtaalamu alikuwa na kipimo kingine kilichoona zaidi: alichora mstari wa chaki ukumbini, mita 3 kutoka kwenye kiti, na kuhesabu muda mama anaotumia kuinuka, kwenda hadi kwenye mstari, kugeuka, kurudi na kuketi. Mara ya kwanza alitumia sekunde 48. Baada ya wiki sita, 31. Mstari ule wa chaki wajukuu waliuhifadhi wasiufute.

Uchovu haukuondoka, na ninalisema wazi ili mtu asije akalipa akitarajia uondoke. Uchovu wa saratani haufanani na wa kazi. Mtu hulala usiku kucha akaamka nao. Utafiti mmoja uliofanyika Norway na kuchapishwa mwaka 2011, uliohusu wagonjwa 231 wa saratani isiyoponyeka ambao baadhi yao walifanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 8, ulionyesha jambo hilo hilo: uchovu haukupungua, ila uwezo wa kutembea na nguvu za kushika kwa mkono viliongezeka. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mtaalamu alimfundisha mama kuugawa uwezo wake kama mtu mwenye fedha kidogo anavyozigawa kwa siku: ukioga asubuhi, usipokee wageni mpaka mchana, ukitaka kukaa uani jioni, lala baada ya adhuhuri.

Mwezi wa nne mama aliomba jambo ambalo sikulitarajia. Alitaka kukuna nazi. Mbuzi ni ya chini, na kukaa juu yake hakukuwezekana, lakini mtaalamu, badala ya kusema haiwezekani, aliuliza kama tuna benchi. Mbuzi ikafungwa kwa kamba juu ya benchi la kimo cha kiti, sinia ikawekwa juu ya ndoo iliyogeuzwa chini ya meno yake, na mama akakaa juu, mkono wa kulia ukizungusha kifuu, wa kushoto uliovimba ukiongoza tu bila kubeba nguvu. Alikuna nusu ya nazi. Ilichukua dakika ishirini. Tui lake liliingia kwenye mboga ya kisamvu usiku ule, na alikula, yeye ambaye kwa wiki tatu alikuwa akisukuma sahani. Sijui zoezi gani la hospitali lingefikia hilo.

Kasoro sasa, na si ndogo. Mwezi wa tatu mtaalamu wetu alikwenda likizo na akaja mwingine ambaye hakuwa amesoma faili. Alimlaza mama, akamwagiza anyanyue mguu wa kulia ukiwa umenyooka, mara ishirini, na alipokuwa akiusukuma aongeze kimo nilimzuia na kumwonyesha picha ya eksirei. Alifadhaika sana na akaomba radhi, na kikundi kilinipigia simu siku ile ile. Tangu hapo ukurasa wa kwanza wa faili ulikuwa na karatasi nyekundu iliyosema mfupa gani haupaswi kukazwa. Lakini karatasi hiyo ilipaswa kuwepo kabla. Anayepokea mtaalamu mgeni nyumbani aulize kwanza: umesoma picha? Pia hapakuwa na ziara Jumamosi na Jumapili, na simu ya dharura mwisho wa wiki iliita bila kupokewa mara mbili. Ziara ya mtaalamu tulilipa shilingi 40,000, ya muuguzi ilikuwa bure kwa msaada wa wafadhili, na ninaona mpango huo una walakini, kwa maana familia yenye fedha kidogo itabaki na dawa na kuacha mwendo, kana kwamba mwendo ni anasa. Na kasoro iliyo kubwa kuliko zote haikuwa yao: hakuna aliyetupa rufaa ya kuwafikia hadi miezi minne imeshapotea. Tuliwapata kwa kuambiwa na jirani.

Kuna jambo moja ambalo peke yake lingetosha kunifanya niwasifu. Wiki ya pili muuguzi alibandika ukutani karatasi ya dalili za hatari kwa mtu ambaye saratani yake imefika kwenye uti wa mgongo: maumivu mapya ya mgongo yanayozunguka kama mshipi, miguu kufa ganzi au kulegea, mkojo au choo kuzuilika au kutoka bila kujua. Alisema dalili hizo hazisubiri kesho. Mwezi wa tano, Alhamisi, mama aliniambia wakati wa kuoga kwamba miguu inahisi kama si yake, na kwamba tangu alfajiri hajapata mkojo ingawa tumbo limejaa. Nisingekuwa na karatasi ile ningesema ni uchovu. Tulipiga simu, akapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, akapewa deksamethasoni kwa dozi kubwa na mionzi ya mgongo. Katika hali hiyo, anayeanza matibabu akiwa bado anasimama ana nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kusimama kuliko aliyefikishwa akiwa amepooza, na mama alifika akiwa bado anasimama. Hakurudi kutembea hadi chooni mwenyewe, lakini hadi wiki tatu kabla ya kufariki aliweza kusimama kwa fremu kwa muda wa kutosha kuhama kutoka kitandani hadi kitini, na kiti cha choo, ambacho sasa alikubali kikae chumbani nyuma ya pazia, alikitumia bila kubebwa na mtu.

Mwishoni kazi ya mtaalamu ilibadilika, na nilithamini kwamba hakuacha kuja kwa kuwa hapakuwa na hatua tena za kuhesabu. Alitufundisha kumgeuza mama kama gogo, mabega na nyonga vikienda pamoja, watu wawili wakishika shuka iliyokunjwa chini yake badala ya kushika mwili, kila baada ya saa mbili mchana na kila ilipowezekana usiku, na mto kati ya magoti. Aliuweka mkono uliovimba juu ya mto mdogo, uwe juu ya kimo cha moyo. Kwa wiki hizo tatu ngozi ya kifandugu, iliyokuwa nyekundu mwanzoni kabisa, haikuchanika. Asubuhi moja mama aliomba atazamishwe upande wa dirisha la uani, na mtaalamu, aliyekuwa ametufuata kwa ziara ya kawaida, alitumia ziara yake yote kukizungusha kitanda pamoja na mume wangu, kisha wakavirudisha vigogo vinne chini ya miguu yake kimoja kimoja.

Baada ya arobaini nilikirudisha kiti cha choo na nikawaachia fremu. Mtaalamu aliipokea, akaing'oa mipira iliyochakaa na kuweka mipya, kisha akaniambia imeshapata mtu, mzee mmoja wa Manzese, mrefu kuliko mama. Akavibonyeza vifungo na kuivuta miguu yote minne matundu mawili juu.